Ubingwa wa bao

Ubingwa wa bao ni kiwango cha juu cha ustadi katika mchezo wa bao la Kiswahili, unaochezwa na watu wawili kwa kete 64 kwenye ubao wenye mashimo 32. Mchezaji aliyefikia kiwango hicho huitwa bingwa au fundi. Sifa hiyo haitolewi kwa cheti. Mtu huipata kwa kutambuliwa na wachezaji wenzake baada ya kuwashinda mara nyingi, uso kwa uso, mbele ya watazamaji wanaoujua mchezo.

Bao halina siri. Kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili, hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na kanuni zote zinaweza kuandikwa katika kurasa chache. Hata hivyo wanaozijua kanuni ni wengi na mafundi ni wachache. Sehemu kubwa ya maarifa ya fundi haijaandikwa popote. Hurithishwa kwa kukaa baoni, na palipo na fundi asiye na mwanafunzi, maarifa hayo huondoka pamoja naye.

Eneo na historia

Bao ni mmoja wa michezo mingi ya Afrika inayochezwa kwa kusambaza mbegu katika mashimo. Michezo ya jamii hii yenye mistari minne ya mashimo hupatikana hasa mashariki na kusini mwa bara. Omweso wa Uganda na igisoro wa Rwanda hutumia ubao wa mistari minne yenye mashimo manane kila mmoja, kama bao, lakini kanuni zake ni tofauti.

Bao la Kiswahili huchezwa hasa katika pwani ya Tanzania na Kenya na katika visiwa vya Zanzibar. Huchezwa pia Komoro, mashariki mwa Kongo, na Malawi ambako huitwa bawo. Mjini Lamu, mashindano ya bao ni sehemu ya tamasha la utamaduni la mji huo. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban miaka 1776 hadi 1840, alitunga shairi liitwalo Bao Naligwa. Hilo ni ushahidi kwamba tangu wakati wake mchezo huu ulikuwa na heshima ya kutosha kuingia katika ushairi. Rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere, anajulikana pia kwa kupenda kucheza bao.

Vifaa vya mchezo ni vichache. Ubao huchongwa kwa mti mgumu, na pasipo ubao mashimo huchimbwa ardhini. Kete zinazopendwa zaidi ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu zinazotoka katika mkomwe, mmea wenye miiba unaoota karibu na ufuo wa bahari. Kwa sababu hiyo bao hufaa hata mahali palipo mbali na maduka. Katika vijiji vya delta ya Rufiji, kama vile vya kata ya Salale wilayani Kibiti, watu husafiri kwa mtumbwi na mashua, na safari hungoja maji kujaa na kupwa. Mchezo unaohitaji ubao mmoja na kete tu unalingana na maisha ya namna hiyo.

Kanuni kwa ufupi

Ili kuelewa kazi ya fundi, ni lazima kwanza kujua kanuni za msingi.

Kila mchezaji anamiliki mistari miwili iliyo upande wake: mstari wa mbele, unaoelekeana na wa mwenzake, na mstari wa nyuma. Mashimo ya mwisho ya mstari wa mbele, la kwanza na la nane, huitwa vichwa. Vichwa hivyo pamoja na mashimo yanayovifuata, yaani la pili na la saba, huitwa kimbi. Shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji huitwa nyumba, na katika mbao nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili litambulike.

Mchezo huanza kwa kila mchezaji kuweka kete 6 katika nyumba, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi au kando.

Hatua ya kwanza huitwa namua. Kila zamu, mchezaji huweka kete moja ya mkononi katika shimo lake la mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mwenzake linaloelekeana nalo lina kete, ni lazima ale. Kete zilizoliwa hazitolewi ubaoni. Huingizwa upande wa aliyekula na kusambazwa moja moja, kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia. Mchezaji huchagua kichwa, isipokuwa akila katika kimbi. Hapo hulazimika kuanzia kichwa kilicho karibu. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo lenye kete, mwendo unaendelea: kama shimo la mbele linaloelekeana nalo lina kete, mchezaji anakula tena, kama halina, anachota kete za shimo hilo lake na kuendelea kusambaza. Ikianguka katika shimo tupu, mchezaji analala na zamu inakwisha. Asiyeweza kula hutakasa, yaani husambaza kete zake bila kula.

Nyumba ina haki ya pekee. Kete ya mwisho ya mwendo wa kula ikiishia ndani ya nyumba katika hatua ya namua, mwenye nyumba anaweza kuchagua kulala hapo na kuitunza, au kuchota kete zake zote na kuendelea. Nyumba ikishachotwa au kuliwa, haki hiyo imekwisha.

Kete za mkononi zikiisha, huanza hatua ya mtaji. Sasa mchezaji huchagua shimo lake lenye kete mbili au zaidi na kuzisambaza. Anakula ikiwa kete ya mwisho itaanguka katika shimo lake la mbele lenye kete, na shimo linaloelekeana nalo upande wa pili nalo lina kete. Mstari wa nyuma hauliwi. Lakini mchezaji ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu ameshindwa, hata kama nyuma ana kete nyingi. Ameshindwa pia asiyekuwa na mwendo wowote unaoruhusiwa.

Hesabu ya fundi

Ugumu wa bao unatokana na jambo moja: mwendo mmoja unaweza kubadilisha karibu ubao mzima. Katika sataranji, mwendo wa kawaida huhamisha kipande kimoja na vingine vyote hubaki mahali pake. Katika bao, kete moja iliyowekwa inaweza kula, kusambaza, kula tena, kugeuka upande kwa sababu ya kimbi, kuzunguka nyuma, na kuishia mahali ambapo mchezaji mchanga hakutarajia. Fundi hulazimika kuliona shimo la mwisho kabla ya kugusa la kwanza.

Kwa sababu kete hazitoki ubaoni, jumla yake haibadiliki. Baada ya namua kwisha, anayejua ana kete ngapi upande wake anajua pia mwenzake ana ngapi: hutoa idadi yake katika 64. Hesabu hii ndogo humsaidia fundi kujua hali ya mchezo bila kuhesabu pande zote mbili.

Mfano wa mwendo wa kwanza unaonyesha tofauti kati ya anayejua kanuni na anayejua mchezo. Mwanzoni, mchezaji wa kwanza ana kete katika shimo la 5 (nyumba, kete 6), la 6 (kete 2) na la 7 (kete 2). Nyumba ya mwenzake, yenye kete 6, inaelekeana na shimo lake la 4, ambalo ni tupu. Kwa hiyo hawezi kula, na ni lazima atakase. Tuseme anaweka kete katika shimo la 7, linakuwa na kete 3, kisha anazisambaza kwenda kushoto: moja katika la 6, moja katika la 5, moja katika la 4. Shimo la 4 lilikuwa tupu, kwa hiyo analala.

Mwanafunzi hufurahi akiona hali hiyo, kwa kuwa kete yake ya shimo la 4 sasa inaikabili nyumba ya mwenzake, na zamu ijayo anaweza kuila yote. Fundi huona kwanza kwamba zamu inayofuata si yake. Mwenzake ataweka kete katika nyumba hiyohiyo, ataila ile kete moja iliyo mbele yake, na kuiingiza katika kichwa kitupu na kulala. Mchezaji wa kwanza sasa amebaki na kete 7 katika shimo la 5 na 3 katika la 6, na mbele ya mashimo hayo hakuna cha kula. Tishio limemgharimu kete moja, na bado analazimika kutakasa tena.

Kosa hilo ni dogo, lakini sura yake hujirudia katika mchezo mzima: mchezaji anatazama atakachokula na kusahau kitakacholiwa. Jambo kubwa analojifunza anayekua katika bao ni kuusoma ubao kwa macho ya mtu aliyeketi upande wa pili.

Njia ya kujifunza

Hakuna shule rasmi ya mafundi wa bao. Njia ya kawaida hupitia hatua zinazofanana katika sehemu nyingi za pwani.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Bao huchezwa barazani, kijiweni, chini ya mti au katika kilabu, na mara nyingi watazamaji ni wengi kuliko wachezaji. Mtoto au kijana husimama nyuma ya wakubwa na kufuata mikono yao. Kwa kuwa mafundi husambaza kete haraka sana, mtazamaji hujizoeza kuhesabu haraka kabla hajawahi kushika kete.

Hatua ya pili ni bao la kujifunza. Katika aina hii kila shimo la ubao huanza na kete 2, jumla 64, na hakuna hatua ya namua. Mwanafunzi huzoea kusambaza, kula na kuendelea bila kushughulishwa na nyumba na kete za mkononi. Akishazoea, huingia katika bao la Kiswahili lenyewe.

Hatua ya tatu ni kucheza na wanaolingana naye, na ya nne ni kuketi mbele ya fundi. Hapa ndipo ufundishaji wa kweli hufanyika. Fundi humshinda mwanafunzi, kisha hurudisha kete katika hali iliyokuwepo kabla ya kosa na kumwonyesha mwendo uliokuwa bora. Watazamaji nao huchangia, wakati mwingine kwa kejeli. Mwanafunzi hupata kwa dakika chache maelezo ambayo angeyatafuta kwa miezi akicheza peke yake.

Makosa ambayo mwalimu hulazimika kuyasahihisha mara nyingi ni haya:

1. Kugusa kabla ya kuhesabu. Mwanafunzi huanza kusambaza akitumaini kwamba mwendo utamfikisha mahali pazuri. Mwalimu humtaka ataje kwanza shimo la mwisho, kisha acheze.

2. Kutazama upande mmoja. Kete zilizoliwa katikati ya ubao zinaweza kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia, na matokeo huwa tofauti kabisa. Njia zote mbili zihesabiwe.

3. Kusahau kimbi. Mwendo unaopitia kimbi unaweza kugeuka na kurudi ulikotoka. Wengi waliopoteza nyumba zao hawakuuona mgeuko huo.

4. Kuchota nyumba mapema au kuing'ang'ania mno. Nyumba kubwa ni akiba, lakini pia ni windo. Kuamua kama utaitunza au utaichota ni mojawapo ya maamuzi magumu kabisa katika hatua ya namua.

5. Kujificha nyuma. Kwa kuwa mstari wa nyuma hauliwi, mchezaji mwoga hurundika kete huko. Mstari wa mbele unapobaki mtupu, akiba hiyo haimsaidii kitu.

Yapo pia mambo ya juu zaidi, kama kanuni ya kutakasia, inayolizuia kwa muda shimo lililo hatarini lisichezwe. Kanuni hii inafahamika vizuri kwa kuonyeshwa ubaoni kuliko kwa maelezo, na ni mfano wa maarifa yanayohitaji mwalimu aliye hai.

Kucheza mbele ya watu

Ustadi wa bao hauishii katika hesabu. Mchezo huchezwa mahali penye watu, maneno na kelele. Mchezaji hutania, mwenzake hujibu, watazamaji hucheka na kutabiri. Aliyezoea kucheza kimya na ndugu yake nyumbani anaweza kupotewa na hesabu yote akikaa barazani kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo fundi hujifunza pia utulivu. Hajibu utani kwa hasira, haharakishi mkono kwa sababu mwenzake ana kasi, na haonyeshi usoni kwamba ameiona hatari. Hujifunza kumsoma mwenzake: ni mtu wa kushambulia au wa kutunza nyumba, huchoka mchezo ukirefuka, hupoteza uangalifu akiwa anaongoza. Mtafiti Philip Townshend, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu bao, aliutazama mchezo huu kama kioo cha maadili ya Waswahili. Barazani, namna mtu anavyoshinda na anavyoshindwa hupimwa pamoja na matokeo yenyewe. Mshindi anayedharau mwenzake anaweza kusifiwa kwa akili na bado akakosa heshima.

Mashindano na riziki

Vyama vya bao vimekuwepo Tanzania Bara na Zanzibar kwa miaka mingi. Chama cha Bao kilianzishwa mwaka 1966. Tanzania ina pia shirikisho la mchezo huu, linalojulikana kwa kifupi kama SHIMBATA. Bao limo katika michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, SHIMIWI, na ya mashirika ya umma, SHIMMUTA, pamoja na karata, drafti na michezo mingine. Katika mashindano hayo wanawake nao hushindania ubingwa wa bao, jambo ambalo ni muhimu kwa sababu barazani mchezo huu kwa desturi umekuwa wa wanaume.

Hata hivyo, bao halijawa kazi ya kumlisha mtu. Mabingwa wengi huishi kwa uvuvi, kilimo, biashara, ufundi au ajira, na hucheza baada ya kazi. Kwa kawaida bao halichezwi kwa kuwekeana fedha. Katika jamii za pwani, ambazo wengi wao ni Waislamu, kamari imekatazwa na dini, na bao limekaa kando na kamari.

Tofauti na poka

Hali hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na poka, mchezo wa karata ambao umezalisha wachezaji wa kulipwa na walimu wa kulipwa. Katika poka kila mchezaji huficha baadhi ya karata zake, na uamuzi mkuu ni kiasi gani cha fedha kiwekwe bila kujua mwenzake ameshika nini. Katika meza za fedha taslimu kwenye kasino, vibao vinavyochezewa vina thamani kamili ya fedha. Mchezaji huweza kuondoka wakati wowote na alichonacho, na kasino hukata sehemu yake. Kwa kuwa bahati ya karata ni kubwa kwa muda mfupi, hata mchezaji hodari anaweza kupoteza kwa wiki nyingi mfululizo. Hulazimika kutenga fedha za mchezo mbali na fedha za chakula na kodi ya nyumba, na wengi hushindwa.

Mashindano ya dunia ya poka yalianza Las Vegas, Marekani, mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bingwa Doyle Brunson alichapisha kitabu, Super/System, kilichofichua mbinu ambazo wachezaji wa kulipwa walikuwa wakizitunza kama siri. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyeingia mashindanoni kupitia mchezo wa intaneti, alishinda dola milioni 2.5, na idadi ya wachezaji ikaongezeka sana. Ndipo kufundisha poka kukawa biashara: vitabu, video, na walimu wanaopitia michezo ya mwanafunzi mmoja mmoja kwa malipo. Nchini Tanzania, michezo ya aina hiyo iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi inayoisimamia, na watu walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki.

Walimu wa michezo hii miwili hufanya kazi inayofanana. Wote hurudi kwenye uamuzi uliokosewa, huuliza mchezaji alikuwa anafikiri nini, na humzoesha kutulia mbele ya mwenzake. Kinachotofautiana ni kinachowaweka mezani. Fedha za poka huwavuta walimu na wanafunzi, na pia huwafilisi wengi. Bao halimfilisi mtu, lakini halimlipi mwalimu wake. Linategemea muda wa bure wa wazee na hamu ya vijana, na vitu hivyo viwili vikipungua, hakuna soko litakaloviziba.

Utafiti

Mtafiti aliyechunguza ubingwa wa bao kwa undani ni Mholanzi Alexander de Voogt, ambaye alifanya kazi na mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Swali lake lilikuwa ni kwa kiasi gani akili ya binadamu inaweza kuhesabu miendo ya mchezo kama huu. Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni kucheza bao bila kuuona ubao: bingwa hutaja mwendo wake, huambiwa wa mwenzake, na hutunza kichwani hali ya mashimo yote 32. Kwa mchezo ambao mwendo mmoja hubadilisha mashimo mengi kwa pamoja, huo ni uwezo mkubwa wa kumbukumbu na hesabu.

Mwaka 2002 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha makala kuhusu kutengeneza programu ya kompyuta ya kucheza bao. Leo zipo pia programu za simu zinazomwezesha mtu kucheza peke yake. Programu hizo husaidia kuzoea kanuni, kwani hazikubali mwendo wa makosa. Haziwezi kumweleza mwanafunzi kwa nini alikosea, wala kumzoesha maneno ya barazani.

Kurithishana

Sataranji ina kumbukumbu zilizoandikwa za michezo ya karne kadhaa. Mwanafunzi wa leo anaweza kucheza tena, mwendo kwa mwendo, mchezo wa bingwa aliyekufa zamani. Bao kwa sehemu kubwa halina hazina hiyo. Michezo mikubwa ya mabingwa wa Zanzibar, Lamu, Dar es Salaam au Kibiti hubaki katika kumbukumbu za waliokuwepo, na baada yao hupotea.

Kuandika mchezo wa bao si kazi ngumu. Mashimo ya mbele ya mchezaji wa kwanza hupewa majina A1 hadi A8 kutoka kushoto kwake, na ya nyuma B1 hadi B8. Ya mwenzake hupewa herufi ndogo, a na b, kwa namba zinazofuata safu zilezile, ili a4 iwe mbele ya A4. Kila mwendo huandikwa kwa jina la shimo lililoanza na upande, kushoto au kulia, ambao kete zilielekea kwa macho ya mchezaji wa kwanza. Mwendo wa mfano uliotolewa hapo juu huandikwa "A7 kushoto", na jibu lake ni "a4" pamoja na upande ambao kete iliyoliwa imeanza kusambazwa. Mchezaji akifika kwenye nyumba, huongezwa neno "amelala" au "ameendelea". Kwa kuwa mengine yote huamuliwa na kanuni, alama hizo chache zinatosha kuurudia mchezo mzima.

Wanafunzi wawili wenye daftari wanaweza kuketi kando ya mafundi, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Kwa kuwa mkono wa fundi ni mwepesi, ni vizuri kumwomba asubiri kidogo kati ya zamu. Baada ya mchezo kete hurudishwa mwanzo, mchezo huchezwa tena kutoka kwenye daftari, na fundi huulizwa maelezo ya miendo asiyoielewa mwandishi. Majibu hayo nayo huandikwa pembeni mwa mwendo unaohusika, pamoja na tarehe, mahali na majina ya wachezaji walioridhia kutajwa.